Magoti Yangu na Baiskeli ya Sista

Mabira, Jumapili, Novemba 1988

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika kengele ya kanisa ilipolia, na sasa saa kumi na moja jioni imeanza tena, ile ya kulowesha migomba bila kelele. Ninaandika nikiwa nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Mapaja yananiuma, mgongo unaniuma, hata kucha zinaniuma. Lakini nina furaha, na nataka niiandike kabla haijapoa, maana najijua, kesho nitakuwa nimeshapata kitu kingine cha kulalamikia.

Wiki nzima sikuandika kwa sababu nilikuwa na aibu. Hata hili daftari nililionea aibu.

Nianze na baiskeli, maana ndiyo iliyoleta yote.

Sista Greta, mzungu wa misheni ambaye amekuwa akitusaidia pale zahanati, anarudi kwao. Vitu vyake anavigawa na vingine anaviuza, na kimoja kati ya hivyo ni baiskeli yake ya injini. Kabla hajamwambia mtu mwingine aliniambia mimi, kwa kuwa kwa miaka miwili ameniona nikibeba boksi la chanjo kichwani kwenda vijiji vya mbali. Alinipa wiki mbili niijaribu. Jibu analitaka kesho Jumatatu. Nikisema hapana, kuna mfanyabiashara wa pombe ya ndizi ambaye ameshakuja mara tatu kuizunguka na kuipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Hela haitaki. Anasema hela zetu huko aendako ni karatasi tu. Anataka mtamba, ng'ombe jike kijana, amwachie mpishi wake aliyemtumikia miaka yote hiyo. Na mtamba ninaye, Bihogo, mwekundu, mpole, mwenye macho ya kuombaomba. Hapo ndipo penye mfupa, na nitaueleza.

Kwanza chombo chenyewe, maana nikisoma daftari hili uzeeni huenda nikawa nimesahau. Ni nusu baiskeli, nusu pikipiki. Ina pedali kama baiskeli yoyote, na ina injini ndogo isiyozidi chungu cha maharage. Unaiwasha kwa kukanyaga: unakanyaga weee mpaka ishike mwendo, unaachia klachi, inakohoa, inashika. Tambarare inakwenda yenyewe na wewe umekaa kama bibi harusi. Mlimani injini peke yake haiwezi, na miguu peke yake haiwezi, lakini vikishirikiana, injini ikavuta na wewe ukakanyaga, mnafika. Petroli ikiisha njiani hulali porini. Unaizima na kuendelea kwa miguu, polepole, huku ukitoa jasho na kumtaja Mungu.

Kwa nini naitaka hivyo? Nitasema ukweli. Si kwa ajili ya mgongo wangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilitembea na boksi la chanjo kwenda upande wa Bugomora. Gari la chanjo lilikuwa halijaja, na nilikuwa nimewaahidi akina mama. Niliondoka gizani, jua likanikuta njiani, na jua la siku ile halikuwa na huruma. Nilipofika nikafungua boksi, barafu yote ilikuwa imeyeyuka na vichupa vinaogelea. Chanjo ya surua ikipata joto haifai tena, hata ukiipiga ni kazi bure. Ikabidi niwaambie warudi nyumbani. Walikuwa wamekaa pale tangu asubuhi, kwenye baraza la shule, wengine wamevuka mabonde mawili. Mama mmoja mwenye mapacha alinitazama, hakunitukana, alisema tu, "Sisi tumekuja na watoto, wewe umekuja na maji."

Nikafunga boksi nikaanza kurudi. Na mimi si mtu wa kuondoka bila kujibu, muulize yeyote hapa Mabira.

Huwa wanasema haraka haraka haina baraka. Aliyesema hivyo hakuwahi kubeba barafu.

Basi kwa baiskeli ya Sista natoka hapa kumekucha na nafika barafu ikiwa bado inagongana ndani ya boksi. Nasikia inavyogonga njia nzima, kwangu ni muziki. Nachanja, napima uzito, nakunywa uji wa watu, na kabla jua halijatua niko nyumbani napika. Hiyo ndiyo faida yake, na mimi inanitosha.

Hasara zake nazo nisijifiche. Petroli hapa haipatikani dukani. Unasubiri lori la kahawa lipite, unambembeleza dereva, anakunyonyea kwa mpira kutoka kwenye tangi lake kwa masharti yake. Kisha uichanganye na oili kwa kipimo, ukikosea inatoa moshi kama tanuri la matofali. Plagi inashika masizi, ninaikwangua kwa msasa wa mume wangu. Injini ikizima mlimani, uzito wake ni wa mtu mlevi anayekataa kutembea. Wiki ya kwanza nimeanguka mara nyingi, mara moja katikati ya shamba la maharage la jirani, na jirani akaja kutazama maharage kwanza.

Halafu suruali. Huwezi kuipanda kwa gauni peke yake. Ninavaa suruali kuukuu ya Baba Asimwe, mume wangu, chini ya gauni la kazi, na nikipita, maneno yananifuata nyuma kwa umbali wa migomba kumi. Haya, maneno hayavunji mfupa. Nimeshayazoea.

Lakini Bihogo si wangu peke yangu. Nilipojifungua Asimwe, binti yangu wa kwanza, mama mkwe alikuja mwenyewe akiswaga ng'ombe, akanikabidhi kamba mkononi mbele ya watu. Alikuwa mjane, na zizini kwake alikuwa na ng'ombe wawili tu. Bihogo ni mtoto wa ng'ombe yule. Huku kwetu ng'ombe wa kupewa hauzwi wala habadilishwi mpaka aliyekupa atie neno lake. Hakuna anayekufunga jela ukikaidi. Ila hutakaa na watu tena.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mwepesi: Jumanne jioni, nikitoka kazini, niende kwa mama mkwe nikamwombe neno lake kwa adabu zangu zote.

Jumanne asubuhi nikaharibu.

Nilikuwa naelekea Bugomora, boksi limefungwa kwenye keria, na nimefika mlima wa kanisani. Mlima ule una sharti moja: ukisimama katikati, umekwisha. Injini inazima, na kuiwasha pale haiwezekani, inabidi uirudishe mpaka bondeni kabisa uanze upya. Nilikuwa nusu ya mlima, injini inavuta, mimi nakanyaga, ulimi nje, nikawaona wanawake wa umoja wa kanisa wanashuka kutoka kupalilia shamba la usharika. Mbele yao mama mkwe.

Waliniona. Wakasogea pembeni mwa barabara, wakatua majembe, wakasubiri.

Kila mtu huku anajua walichokuwa wanasubiri. Mkaza mwana hamwamkii mkwe wake akiwa wima, sembuse akiwa amekaa juu ya injini. Unashuka, unapiga magoti, unaamkia, unauliza alivyolala, unauliza nyumba, migomba, mbuzi, na huinuki mpaka yeye aseme inuka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kwetu Ihanda, na mama yangu angenichapa fimbo hata leo kwa chini ya hapo.

Nilifikiria barafu. Nilimfikiria yule mama wa mapacha. Nikakanyaga.

Nilipaza sauti "Shikamoo, mama!" lakini injini iliimeza. Na hata angesikia ingekuwa kosa juu ya kosa, maana mkwe hapigiwi kelele kama mbuzi aliyeingia shambani. Nilipofika juu niligeuka, na afadhali nisingegeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama palepale, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa. Alikuwa ameshaunyoosha kunipokea.

Nimempita mama mkwe wangu kama mtu anavyopita kisiki.

Siku hiyo nilichanja watoto wote, hakuna aliyerudishwa. Wala sikufurahi. Nilirudi jioni nikakuta habari zimeshaingia kila jiko. Wakasema mkaza mwana wa fulani siku hizi anaamkia kwa moshi. Nakiri, maneno yenyewe ni mazuri, ningeyasema mimi kama yangekuwa ya mtu mwingine.

Jumanne ile sikwenda kuomba neno la mtamba. Ningeanzia wapi? Jumatano nilimpelekea mama mkwe ndizi na maharage, nikaiacha sahani kwenye kizingiti kwa kuwa hakuitikia hodi, na alikuwemo ndani, nilimsikia akikohoa. Jioni nikaikuta sahani mlangoni kwangu, imefunikwa vilevile, haijaguswa. Jamani! Nyumba yake iko ng'ambo ya migomba yetu, ina maana alitembea na sahani ile mwenyewe, kwa mguu wake unaouma, ili tu nijue hajala.

Nilimgeukia Baba Asimwe. Yeye ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na siku hizo mbili alikuwa hatoki kwenye randa yake. Nikamwambia aende akazungumze na mama yake.

"Mimi simo," akasema. "Yule ni mama, na wewe ni wewe."

Nikamwambia ni mwoga. Akasema ndiyo.

Ijumaa ilikuwa kliniki nyingine, upande uleule wa Bugomora. Nikaapa: leo simpiti mtu. Na kweli sikumpita mtu. Nilishuka kwa kila mzee. Nilishuka kwa kila bibi, nikapiga magoti kwenye changarawe na suruali ya mume wangu ikatoboka. Nilishuka hata kwa mzee wa kanisa mmoja ambaye hatupatani, na yeye makusudi akanieleza habari za goti lake tangu lilipoanza. Kila nikishuka injini inazima. Kila ikizima naisukuma, nakanyaga weee, inakohoa, inashika, na hatua mia mbele kuna mzee mwingine ametua mzigo, ananisubiri. Nadhani walikuwa wamepeana habari.

Nilifika nimechelewa kuliko nilipokuwa nikitembea kwa miguu. Nikafungua boksi haraka. Barafu ilikuwepo, vipande vya kuhesabika, vimekonda. Tulichanja mbiombio, mimi na mwalimu aliyekuwa akiandika kadi, na wa mwisho nilimchanja barafu ikiwa imebaki kama sarafu.

Mungu alinihurumia tu. Sikuwa na akili yoyote siku ile.

Njiani kurudi niliizima injini nikawa naisukuma kwa hiari yangu, nikiwaza. Nikiwa na adabu, chanjo inaharibika. Chanjo ikifika salama, mimi sina adabu. Nitakuwa nimetoa mtamba kununua ugomvi na kijiji kizima. Na mtu anayegombana na kijiji, nani atamletea mtoto amchanje? Nilikaribia kuamua kuwa mfanyabiashara wa pombe aichukue tu. Niliona bora nirudie kichwa changu na kata yangu ya kubebea mzigo, na jua linifanye litakavyo.

Lakini ilinikaa moyoni. Nilikuwa nimeonja.

Jana Jumamosi nikaenda kwa mama mkwe. Sikubisha hodi mara mbili. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikapiga magoti mlangoni kwenye majivu, nikaamkia. Hakuitika. Akaendelea kumenya. Nikaona akimaliza kichane, akiosha, akitia sufuriani, akifunika kwa majani. Magoti yalikuwa yameshakufa ganzi alipofungua mdomo.

"Umenipita mbele za watu," akasema, "halafu unaniomba radhi jikoni?"

Nikamwambia, "Nifanyeje, mama? Niambie, nitafanya."

"Kesho baada ya ibada, lete hicho kitu chako mlimani."

Basi. Akarudi kwenye ndizi zake. Habari za Bihogo sikuthubutu hata kuzigusa.

Niandike hapa nilivyorudi nyumbani, maana hili ni daftari langu na halina mahali pa kunisengenya. Nilirudi nimefura. Nilimtukana yule mwanamke, kimoyomoyo kwanza, halafu kwa sauti nilipofika katikati ya migomba ambako hakuna wa kusikia. Nilisema ni mzee mwenye kiburi. Nilisema anapenda magoti ya watu kuliko watoto wa watu. Nilijua atanifanya nini: atanipigisha magoti kwenye matope, mbele ya usharika mzima, na mtu wa kusema atakuwa amepata cha kusema mpaka Pasaka. Nikasema siendi. Nikafika nyumbani nikawagombeza kuku. Baba Asimwe akanitazama, akarudi kwenye randa.

Kumbe hasira yangu yote ilikuwa ni aibu. Ule mkono ulionyooshwa ulikuwa haunitoki machoni.

Nikaenda.

Mahubiri ya leo sikusikia hata neno. Nimeimba nyimbo kwa mdomo tu. Ibada ilipokwisha watu hawakutawanyika, walijua, sijui nani aliwaambia, au najua. Kanisa liko juu ya mlima ule, barabara imelowa lakini changarawe imeshika. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, mwavuli mkononi, na nyuma yake wanawake wote wa umoja. Alishuka nao mpaka nusu ya mlima, palepale pa Jumanne, akasimama pembeni mwa barabara.

"Nenda bondeni," akaniambia. "Panda kama ulivyopanda siku ile. Vilevile."

Nikaanza kuishusha baiskeli. Akaniita.

"Na boksi?"

Nikasema boksi liko kwenye keria, ila leo halina kitu.

"Jumanne lilikuwa na kitu. Weka mawe."

Baba Asimwe, ambaye alisema hayumo, akaja mbio akajaza mawe, akafunga kamba, na mkono wake ukanigusa bega kidogo. Tukashuka bondeni, akanisaidia kuisukuma mpaka ikakohoa na kushika. Nikageuka, nikaukabili mlima.

Jamani, mlima ule! Mawe yanagonga ndani ya boksi, suruali iliyotoboka chini ya gauni la kanisani, matope kidogo, injini inalia kama mtoto anayekatazwa kunyonya. Nakanyaga. Naona vitenge vimejipanga pembeni. Na huku nakanyaga nikaamua. Nikasema moyoni, nikifika kwake nasimama. Izime, irudi bondeni, ivunjike, liwalo na liwe. Napiga magoti, na kesho naenda kumwambia Sista amwite mtu wa pombe. Mkono ule sitauacha hewani mara ya pili. Nilikuwa nalia tayari, nadhani, au ni jasho.

Nikamfikia. Vidole vikashika breki.

"Marahaba!"

Sikuwa nimesema kitu. Naapa, mdomo ulikuwa haujafunguka.

"Marahaba, mwanangu! Marahaba! Pita! Pita, usisimame, barafu itayeyuka!"

Kwa Kiswahili! Yeye ambaye Kiswahili anakitumia kwa serikali na kwa wenye maduka tu, siku zote kwangu ni Kinyambo, lugha yetu ya huku, na maamkizi yake ya Kinyambo yana chumba na sebule. Amechagua la Kiswahili kwa kuwa ni neno moja na linamtosha mtu anayepita. Vidole vyangu vikaachia breki vyenyewe. Nikasikia nyuma yangu anawageukia wale wanawake, sauti yake ile ya kuita ng'ombe bondeni:

"Mmesikia ameniamkia?"

Halafu wote kwa pamoja, "Tumesikia!"

Na kicheko. Ila kicheko cha kwenda nami, si cha kunifuata nyuma. Nimesikia kicheko cha aina zote wiki hii, nakijua.

Nilifika juu, nikaizima, nikaiegemeza kwenye mti, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Mtu mzima, mwenye watoto watatu, muuguzi wa zahanati. Mama mkwe alipanda polepole na mwavuli wake, mguu wake ule unamsumbua mlimani, nikamwendea mbio, na katikati ya barabara nikapiga magoti. Matope yakaingia mpaka gotini. Hakuna aliyeniamuru. Nikamwamkia kwa Kinyambo, yote, na nyumba, na migomba, na mbuzi, sikuruka hata mmoja. Akaniwekea mkono kichwani.

"Nilikasirika," akasema. "Bado nimekasirika kidogo, usifikiri yamekwisha. Jumanne nilisimama na mkono wangu hewani mbele za watu. Mkono wa mzee haukai hewani."

"Nisamehe, mama."

"Watoto wa siku ile walipata dawa?"

"Walipata."

"Wote?"

"Wote, mama. Barafu ilifika."

Akatazama bonde. Sijui alikuwa anamtazama nani huko. Yeye amezaa tisa na amelea wanne, na mambo hayo hayaulizwi. Halafu akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wale waliokuwa wanatukaribia, kwamba kuanzia leo sheria ni hii: nikiwa na boksi, nipite, na mkubwa yeyote nitakayempita ataitikia kabla sijamwamkia, aone boksi aseme marahaba. Nikiwa sina boksi, nishuke. "Na magoti yote mawili," akasema, "si lile moja la haraka mnalopiga siku hizi."

Yule mzee wa kanisa mwenye goti akasema hata yeye? Mama mkwe akamwambia, "Wewe kwanza."

Hapo nikaona ni sasa au kamwe. Nilikuwa bado chini kwenye matope. Nikamwambia habari za Bihogo: kwamba Sista anataka mtamba, kwamba jibu ni kesho, kwamba siwezi kumtoa bila neno lake, na kwamba akisema hapana ni hapana na sitanuna. La kununa nilidanganya. Ningenuna.

Akaizunguka baiskeli. Akaigonga tangi kwa kifundo cha kidole. Akaminya kiti. Akainama akanusa injini, akakunja uso.

"Chuma hakizai," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Wala hakitoi maziwa. Ng'ombe akifa tunakula nyama. Hiki kikifa?"

Alisema kweli tupu, na hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe mara nyingi nikiwa peke yangu: kitachakaa, kitakosa plagi, siku moja kitakuwa pa kulala kuku. Bihogo angekuwa na wajukuu.

Akaendelea kuizunguka. Akafika kwenye boksi, akaligusa, akalitikisa, mawe yakagongana ndani.

"Lakini ulinipita haraka kweli," akasema. "Nilipofumba na kufumbua, mkaza mwana hayupo. Nikasema, hata kifo hakiwezi kumkamata huyu." Akafungua mwavuli wake ingawa mvua ilikuwa haijaanza tena. "Mpeleke ng'ombe. Mpishi wa mzungu ni mtu mwema, atamtunza. Wewe katunze hao wengine."

Akaenda zake. Hakungoja nishukuru.

Nimerudi nyumbani kwa baiskeli, mawe yamo bado kwenye boksi, nimesahau kuyatoa, na wazee wawili niliowapita wakaniitikia marahaba. Moyo ukanisuta. Nimeshuka kwa wa tatu nikamwonyesha kuwa ni mawe tu.

Sijui kama nimefanya vema. Najua nitakavyolipia: petroli, plagi, matope, macho ya Bihogo kesho nitakapomwachia kamba mtu mwingine. Najua pia kwamba Jumanne barafu itakuwa inagonga njia nzima, na sitamwogopa mtu mlimani. Mbona basi nalia tena? Wacha nilie, maji ya beseni yameshapoa hata hivyo.

Kesho alfajiri namfungua Bihogo zizini. Ng'ombe hapandi baiskeli, kwa hiyo nitakwenda kwa miguu, polepole, njia nzima mpaka kwa Sista, mikono ikiwa na kamba tu na haina boksi. Na kila mtu nitakayemkuta njiani, mkubwa kwa mdogo, hata yule wa pombe, nitasimama, nitapiga magoti yote mawili, na nitamuuliza alivyolala, na nyumba, na migomba, na mbuzi.